Hoteli Kubwa Hupimwa Kuanzia Sakafuni

Hoteli kubwa ya mjini inajua kumpendeza mtu mzima. Marumaru ya mapokezi, maua mabichi, juisi ya kukaribishia, mhudumu anayekutaja jina: hayo yamezoeleka, na hufanyika hata pale ambapo kazi yenyewe imelegea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana habari nayo. Anataka kulala saa moja na nusu usiku, kula saa kumi na mbili alfajiri, kupanda kila kinachopandika na kutia kidole kila penye tundu. Ndiyo maana mzazi aliyesafiri na mtoto huyo anaiona hoteli kwa undani kuliko mgeni wa mkutano anayetoka asubuhi na kurudi kulala tu. Nimelala na mtoto wa umri huo kwenye hoteli za Dar es Salaam na Nairobi, na nimefika mahali ninaamini kwamba ufundi wa hoteli kubwa uko kwenye jambo moja: ujumbe wa mgeni mmoja kupita idara hadi idara, zamu hadi zamu, bila kudondoka njiani.

Nyota hazikwambii hilo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kwa nyota, na ni vigezo vya maana, lakini huhesabu zaidi kilichopo. Havisemi kama neno ulilolitoa kwa simu Jumatatu litamfikia mpishi wa alfajiri ya Ijumaa. Tena hoteli zetu kubwa za mwanzo baada ya uhuru zilijengwa miji ilipokuwa inatafuta mahali pa kulaza wajumbe na wafanyabiashara. Kilimanjaro ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1965, Hilton ya Nairobi mwaka 1969. Mtoto mdogo hakuwa kwenye hesabu za wachoraji wa majengo yale, na kwa majengo mengi yaliyofuata bado hayumo. Akitunzwa vizuri ndani yake, basi aliyemtunza ni mfanyakazi.

Anza kupima kwenye simu. Sema mna mtoto, mtahitaji kitanda chake, kisha nyamaza usikilize. Ukijibiwa haraka "hamna shida", ujue bado hakuna kilichoandikwa. Anayeijua kazi atakuuliza maswali: mtoto ana umri gani, ameshaanza kutembea, mnafika saa ngapi, usiku analala peke yake au na mama? Swali la kutembea ni la dhahabu, kwa sababu mtoto wa miezi mitano na wa miezi kumi na minane wanahitaji vyumba viwili tofauti kabisa. Mwenye kujua atakwambia pia, bila kuulizwa, kama chumba kina roshani, na atakupa kisicho nayo kama kipo. Roshani yenye vyuma vya kulala kama ngazi ni hatari hata uzio wake ukiwa mrefu, maana mtoto atapanda. Vyuma vinatakiwa visimame, na nafasi kati yao isizidi sentimita 10.

Mkifika, msifungue mabegi kwanza. Mmoja amshike mtoto, mwingine apige magoti. Kutoka chini unaona yale ambayo msimamizi wa usafi huyaona akiinama: uvungu wa kitanda, nyuma ya mapazia, pembe za meza ya kioo, soketi iliyo wazi karibu na taa, waya wa birika la umeme unaoning'inia ukingoni. Vumbi la uvunguni halimdhuru mtu sana. Kidonge kilichoanguka, kifuniko cha chupa au sarafu ni habari nyingine. Nikikuta kitu kama hicho siangalii tena ubora wa shuka.

Halafu mlango. Milango ya vyumba vya hoteli ni mizito kwa sababu imetengenezwa kuzuia moto na moshi, na juu yake kuna kifaa cha chuma chenye mkono, kinachoufunga wenyewe. Ndani ya kifaa hicho mna mafuta, na kwa kawaida kuna skrubu mbili ndogo: moja huongoza kasi ya mlango ukiwa unarudi, nyingine kasi ya upana wa vidole vichache vya mwisho kabla kitasa hakijashika. Ufungue wote, uachie, utazame. Mlango unaotunzwa hurudi taratibu, hupunguza mwendo ukikaribia fremu, kisha hushika kwa sauti ndogo. Ukibamiza, maana yake kwa muda mrefu hakuna fundi aliyepita na bisibisi, na kama hakupita kwenye mlango unaosikika na kila mtu, usitarajie kwamba amepita mahali pasipoonekana. Vidole vya mtoto hupenda upande wa bawaba. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, nami naliamini kuliko picha zote za matangazo.

Bafuni kuna ufundi ambao wageni wengi hawaujui. Hoteli kubwa kwa kawaida haichemshi maji chumba kwa chumba. Ina matangi, na maji ya humo yanatakiwa yakae kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa sababu bakteria aina ya lejionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu yanayozunguka kwenye mabomba marefu. Ulimwengu uliujua ugonjwa unaoletwa na bakteria hao mwaka 1976, maveterani waliokutana kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford huko Philadelphia, Marekani, walipougua na baadhi yao kufa. Sasa maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache tu, na mtoto mapema zaidi. Hoteli ina mambo mawili yanayovutana: tangi liwe moto, bomba lisiwe moto. Iliyo makini huweka vali ya kuchanganyia maji karibu na bomba, hata ukifungua la moto peke yake mpaka mwisho, yanayotoka hayaunguzi. Jaribu mapema, mtoto akiwa mbali. Mvuke ukifuka kama wa sufuria, mpigie fundi simu, na jibu lake ni sehemu ya upimaji. Nilipouliza hilo hoteli moja ya Dar es Salaam, fundi alikuja na kipimajoto mfukoni, akapima, akarekebisha, akapima tena, akaniambia: "Sasa mama, muogeshe tu, ila bado anza na kiwiko chako." Huyo ni fundi.

Kitanda cha mtoto kinastahili muda wako. Ukikikuta kimeshatandikwa, mapokezi waliwaambia usafi, usafi wakaingia stoo, na kuna mtu alikikagua mchana. Kikiletwa saa tatu usiku kikiwa kimekunjwa, na kijana aliyetumwa akahangaika nacho gizani huku mtoto analia, ujumbe ulidondoka mahali. Fito zake zisiachane zaidi ya sentimita 6 hivi. Kopo la kawaida la soda likipenya kati yake, kirudishwe. Godoro likae sawasawa, vidole viwili visipate nafasi pembeni. Kile chenye ubavu wa kupandishwa na kushushwa kikatae kabisa, hata kikiwa cha mbao nzuri: Marekani ilipiga marufuku kuviuza vitanda hivyo mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa, na hata hoteli zilitakiwa kuviondoa. Kitikise kwa mkono. Kama komeo zinacheza, mtoto atakitikisa zaidi yako usiku.

Mtandiko nao unasema. Kitanda cha mtoto kilichorundikiwa mito, duveti na mwanasesere mkubwa kimepangwa kwa ajili ya picha. Aliyelea mtoto huweka shuka moja iliyovutwa ikakaza na blanketi jepesi pembeni, akuachie wewe uamue. Nairobi mwezi Julai utalihitaji. Dar es Salaam mwezi Februari utahitaji zaidi kujua kiyoyozi kinapulizia wapi. Kitanda kisiwe chini ya mdomo wa kiyoyozi wala kando ya pazia lenye kamba. Na Dar kama dirisha linafunguka, omba chandarua hata kama jengo lina ghorofa ishirini.

Jikoni ndipo hoteli nyingi zenye sifa huanguka, na huanguka bila sababu, kwa kuwa kila kitu kipo. Menyu ya watoto utaletewa yenye rangi: chipsi, soseji, kuku wa kukaanga. Kwangu menyu hiyo ni dalili ya uvivu. Jiko linalopika wali, samaki, viazi, ndizi na supu kila siku halikosi chakula cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kinachokosekana ni mtu wa kumega kabla pilipili haijaingia. Muulize mhudumu: naweza kupata wali laini na samaki asiye na mwiba, bila chumvi nyingi, saa kumi na mbili na nusu jioni? Mgahawa unafunguliwa saa moja, na hiyo nusu saa ndiyo mtihani wenyewe. Mhudumu dhaifu atakusomea saa za kufungua. Mzuri atakwenda jikoni na kurudi na swali: "Mama, supu ya kuku ipo haijatiwa viungo. Nimchanganyie na wali?" Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimefundisha vizazi vya wahudumu, na utaratibu wa meza unafundishika. Kwenda jikoni na kurudi na swali kunahitaji pia mpishi anayekubali kuulizwa.

Sahani ikija, itazame kabla hujamshukuru mtu. Zabibu nzima kwenye sahani ya mtoto huyo ni hatari ya kupaliwa. Zinatakiwa zikatwe kwa urefu. Chakula kisije kinafuka moshi. Kiti cha mtoto cha mezani kiwe na mkanda, na mkanda ufunge. Viti vingi vya hotelini vina mkanda uliokatika miaka mingi iliyopita, na kila siku mtu anavifuta vumbi bila kuliona hilo.

Uji wa asubuhi ndio kipimo changu cha mwisho. Agiza usiku, kwa mtu wa zamu ya jioni, uji wa ulezi mwepesi uletwe saa kumi na mbili kasoro. Ombi hilo litaandikwa kwenye daftari la makabidhiano, au litabaki kichwani mwa kijana anayetoka kazini usiku wa manane. Ukigongewa mlango na uji upo, tena mwepesi kama ulivyosema, basi umelala kwenye hoteli. Ukilazimika kupiga simu na kujieleza upya kwa mtu wa tatu, umelala kwenye jengo zuri.

Kuhusu bwawa sina mengi: uzio, geti linalojifunga, na mlinzi anayetazama maji badala ya simu. Kikikosekana kimojawapo, mtoto asikaribie. Maputo, katuni na midoli ya mapokezi usivihesabu hata kidogo.

Yapo mambo yasiyoweza kuagizwa, na hayo ndiyo ya daraja la juu. Huko Nairobi mhudumu wa vyumba, mama wa makamo, aliingia kusafisha tukiwa kwenye kifungua kinywa. Tuliporudi, birika lilikuwa juu ya kabati, waya wake umeviringwa, meza ya kioo imesukumwa pembeni na kigoda cha kitambaa kuzuia pembe yake. Hatukuwa tumemwomba. "Nimeona alama za vidole vyake kwenye kioo," alisema, "nikajua atarudi hapo hapo." Mtu huyo ana vyumba kumi na kitu vya kumaliza kabla ya saa tisa, na bado alisoma alama za vidole kabla ya kuzifuta.

Siku ya kuondoka, omba karatasi pale mapokezi uandike majina: aliyetandika kitanda, aliyekuja na kipimajoto, aliyepika uji. Taja na zamu, hasa ya usiku, maana meneja wa mchana mara nyingi hawajui hao, na barua ya mgeni inaweza kuwasaidia kupandishwa cheo.