Kunguru Wamehesabiwa, Minana Je?

Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lilipotangaza Juni 2024 kwamba kunguru weusi milioni 1 wataangamizwa kufikia Desemba 31, kazi ilikuwa imeshaharibika ingali kwenye makaratasi. Sumu haina kosa. Kilichokosewa ni kipimo.

Anayetaka kujua kama minana, chozi na shore, ndege wa asili wanaosumbuliwa na kunguru, wanapungua pwani, awahesabu haohao. KWS ikawapa watu hesabu ya mizoga, tena ya ndege asiyefia mbele ya anayemhesabu. Sumu inayotumika, DRC-1339, huharibu figo taratibu. Kunguru anameza nyama iliyotiwa sumu, anaruka zake, anakufa kesho au keshokutwa, mara nyingi huko mtini anakolala na wenzake. Inayookotwa ni mizoga michache, mingine inakisiwa. Sasa milioni hiyo atathibitisha nani?

Na tuseme imetimia kweli. Bado haisemi kitu juu ya kiota cha mnana kule Malindi. Jike la kunguru hutaga mayai matatu hadi matano, waliosalia wanarithi chakula cha marehemu, na wa mtaa wa pili wanahamia palipobaki wazi. Unaweza kuua wengi ukabaki na walewale.



Hata Keko, Dar es Salaam, wanamjua ndege huyu. Nyuma ya bucha anasubiri utumbo, na mama mwenye vifaranga anawafunika kwa tenga hata akiwa amekaa palepale kibarazani. Safu hii imelia na majalala hadi imechosha wasomaji, na italia tena: kunguru huyu aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, na sisi hatujaacha kumwandalia. Zanzibar walimpunguza sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampeni ikasimama, akarudi. Dar es Salaam, chini ya chama cha uhifadhi wanyamapori cha WCST, ikapita njia hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 2010. Fedha za wafadhili zilipokatika, kilichobaki midomoni mwa watu ni idadi ya waliouawa.

Mtafiti Colin Ryall hakuhesabu waliouawa. Yeye alimfuatilia kunguru Mombasa akaandika ni ndege gani wa asili wanaosumbuliwa na kuliwa, na mwaka 1992 jarida la ndege la Scopus likachapisha matokeo. Hakuwa na milioni ya kutangaza, lakini alijua anatafuta nini.

Hesabu inayofaa huanza kabla ya kipande cha kwanza cha nyama kuwekwa: vituo vilevile, saa zilezile za asubuhi, kunguru na ndege wa asili kwenye daftari moja, kisha kurudia baada ya kila msimu wa kutaga. Unahitajika pia mtaa usiotiwa sumu, wa kulinganishia. Kwa Mombasa, wakati wa kuianza ulikuwa kabla ya tangazo la Juni, na matokeo yake ndiyo yaliyostahili kuahidiwa wananchi.