Tatizo la Kutafsiri Anwani ya Mchoro wa Monet

Mwanafunzi wa Bunia, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, huielewa bila mkalimani anwani ya mchoro wa Claude Monet wa mwaka 1872: Impression, soleil levant. Taabu humwanzia anapotakiwa kuitaja kwa Kiswahili.

Tafsiri iliyo rahisi ni "Mandhari ya Bandari Alfajiri". Haifai. Monet aliichora bandari ya Le Havre, lakini alieleza baadaye kwamba kazi hiyo isingeweza kuitwa mandhari ya mji huo. Ndiyo sababu akachagua neno impression. Dohani na milingoti vimo, ila vimemezwa na ukungu. Kinachodhihirika ni mtumbwi mweusi na jua la rangi ya chungwa.

"Hisia" nalo lina kasoro: hubakiza moyo, likaliacha jicho. Ilhali jua hilo lina mng'aro unaokaribiana mno na wa anga, hata katika nakala ya rangi nyeusi na nyeupe hukaribia kutoweka. Ni rangi peke yake inayolichomoza, na rangi ni kazi ya jicho.

Neno "mguso" lafaa zaidi. Hubeba mkono wa mchoraji, aliyeuweka mwanga majini kwa mipigo michache ya brashi, na hubeba pia athari ya mwanga huo kwa mtazamaji. Ni kweli kwamba hupoteza maana ya chapa iliyomo katika neno la Kifaransa, lakini hasara hiyo yavumilika.

Mwaka 1874 Louis Leroy aliidhihaki anwani hiyo katika gazeti la Le Charivari, akiiona kazi yenyewe kuwa haijakamilika; dhihaka yake ikawa jina la mkondo mzima wa sanaa. Leroy alitafuta bandari iliyokamilika, akaikosa. Mfasiri anayeandika "mandhari" hurudia kosa lake, japo kwa nia njema.

Msomaji wa Ituri ana kipimo karibu naye. Huko Kasenyi, ufuoni mwa Ziwa Albert, jua huchomoza upande wa Uganda, na mitumbwi ya wavuvi huonekana kama vivuli kabla waliomo hawajatambulikana. Jicho huguswa kwanza, majina hufuata. Utaratibu huo ndio mfasiri anaopaswa kuulinda, na "Mguso: Jua Lichomozalo" huulinda.