Kichwa Baridi, Sauti ya Kuazima

Kila Out of Africa inaporudi kwenye runinga, nasikia watu wakiisifu treni yake. Siwezi kuungana nao. Kichwa kile hakikuwa na moto wala mvuke, na hakikuvuta hata behewa moja. Sydney Pollack na watayarishaji wake walikuja Kenya kutengeneza filamu juu ya nchi na zama zilizopita. Wakaipata reli, kitu ambacho kingeweza kujieleza chenyewe bila mwigizaji, wakaiziba mdomo. Ulikuwa uamuzi mbaya, na miaka haijaupunguzia ubaya.

Namna ilivyofanyika inajulikana. Wakati wa kupiga filamu hiyo, iliyotoka mwaka 1985, Kenya haikuwa na kichwa cha mvuke kinachofanya kazi. Kikachukuliwa kichwa kilichopoa, na nyuma yake likafungwa behewa la mizigo lenye injini ya dizeli iliyofichwa ndani. Dizeli ndiyo iliyofanya kazi yote. Tanuruni yakachomwa matairi ya mpira ili moshi uonekane, na mvuke ukaigizwa kwa mfumo wa oksijeni ya kimiminika. Treni hiyo ya maigizo sasa iko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na wageni hupiga nayo picha.

Mnapakumbuka pale treni inaposimama nyikani ili Denys Finch Hatton apakie pembe zake za ndovu. Kwa hadithi, hapo ndipo yeye na Karen Blixen, mhusika mkuu, wanapokutana mara ya kwanza. Kwa mpenzi wa reli, hapo ndipo kila kitu kinapoharibika, kwa sababu hakuna wakati unaofichua ukweli wa kichwa cha mvuke kama wakati wa kuondoka.

Treni ya kweli huondokaje? Mvuke uliokaa ndani ya silinda hupoa na kuwa maji, na maji hayabanwi. Yakibaki mbele ya pistoni yatapasua kifuniko. Kwa hiyo dereva hufungua kwanza vali ndogo za kutolea maji. Ndipo unaposikia ule mlio mkali chini, usawa wa magurudumu ya mbele, na wingu jeupe likitambaa juu ya kokoto. Halafu anafungua vali kuu kidogo tu. Vifungo vya mabehewa vinanyooka kimoja baada ya kingine, kutoka mbele kwenda nyuma, na mlio wa chuma unasafiri urefu wote wa treni. Kisha pigo la kwanza linatoka bombani, zito, likifuatiwa na kimya kirefu hadi la pili.

Kichwa cha silinda mbili hutoa mapigo manne kila gurudumu linapozunguka mara moja. Hesabu hiyo haidanganyi. Chukua gurudumu lenye mzingo wa mita 3.4, kipimo cha kawaida kwa vichwa vidogo vya reli ya mita moja. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, linazunguka mara moja na nusu na ushei kila sekunde, na masikio yanapokea mapigo zaidi ya sita. Mwenye macho na saa anaweza kutazama fimbo za magurudumu, kuhesabu mapigo, na kujua kama sauti na picha ni za treni moja. Ndiyo njia ya kuipima filamu yoyote ya reli, na nawaomba muitumie.

Katika kichwa baridi mambo yamepinduliwa. Pistoni haisukumi fimbo; magurudumu ndiyo yanayoziburuta fimbo na pistoni, kwa nguvu inayotoka behewa la nyuma. Hakuna mvuke unaopita kwenye silinda, kwa hiyo hakuna pigo linaloweza kutoka bombani. Sauti ya mapigo juu ya picha kama hiyo ni lazima iwe imeletwa kutoka kwingine na kupachikwa. Aliyesimama kando ya reli siku ile alisikia dizeli.

Moshi nao unasema. Katika kichwa kinachofanya kazi, mvuke uliotumika hupulizwa kupanda bombani na kuuvuta moshi pamoja nao, ndiyo maana moshi hutoka kwa mikupuo inayofuata mapigo. Unaweza kuziba masikio ukauona mdundo. Moshi wa matairi hauna cha kuusukuma. Unafuka tu na kuning'inia kama moshi wa jaa. Tena ni mweusi wa mpira, ilhali Reli ya Uganda ya siku za Karen Blixen ilichoma kuni nyingi, hata mikalitusi ikapandwa kandokando ya njia kwa ajili ya matanuru.

Kuhusu muziki nasema hivi. Treni inapopita kwenye nchi iliyo wazi, mwacheni msikilizaji asikie nchi hiyo ina ukubwa gani. Sauti ya treni inayotoka mbali, ikapotea kwenye bonde na kurudi, inaeleza umbali kuliko ramani. Kwenye majina ya mwanzo, treni inapokata nyika, tunapewa vinanda vya John Barry. Ni muziki mzuri na ulipata Oscar, kama zilivyopata picha za David Watkin. Lakini umewekwa juu ya treni kwa sababu chini yake hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Tangu hapo watengenezaji wa filamu za reli zetu wanadhani ndiyo desturi: picha ya treni, kisha vinanda au ngoma, na mluzi mmoja wa kupachika ili mtazamaji ajue anachotazama.

Kinachoniuma zaidi ni jina la mtu aliyeshika maikrofoni. Sauti ya Out of Africa ilipata Oscar, mojawapo ya saba za filamu hiyo, na mmoja wa waliotunukiwa ni Peter Handford, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2007. Hakuna mtu aliyeipenda sauti ya mvuke kuliko yeye. Riziki yake ilikuwa sinema. Alifanya kazi na Hitchcock na David Lean. Moyo wake ulikuwa kwenye reli. Katika miaka ya 1950, kwa mapenzi yake na kwa muda aliouiba kazini, alianza kunasa treni za Uingereza na kuzitoa kwenye santuri za Transacord, ambazo baadaye zilitolewa na kampuni ya Argo. Mtu huyo aliletwa Kenya, kwenye reli ya mita moja iliyokuwa ikinguruma kwa mvuke miaka michache tu nyuma, akasimamishwa kando ya kichwa kilichokufa. Simlaumu. Uamuzi wa kutumia kichwa baridi hautolewi na mnasa sauti.

Sikilizeni santuri zake muone kilichopotezwa. Kabla treni haijafika kuna ndege, upepo, mlango wa stesheni. Treni inakuja, inapita, inakwenda zake, naye anaiacha hadi masikio yenyewe yakate tamaa. Miongoni mwa njia alizozinasa ni Somerset & Dorset, iliyotoka Bath hadi Bournemouth ikipanda vilima vya Mendip. Ilikuwa reli ya mashambani: mizigo mizito kilimani, kichwa kimoja mbele na kingine kikisukuma nyuma, kila kimoja na mapigo yake, yakikutana na kuachana hadi kileleni Masbury. Ilifungwa tarehe 7 Machi 1966. Mkazi wa Bath aitwaye Ivo Peters, mpenzi tu wa reli asiyekuwa mtu wa sinema, aliizungukia njia hiyo na kamera hadi mwisho. Reli imeng'olewa. Kilichobaki cha kuaminika ni kazi ya watu waliosimama kwenye mvua bila kulipwa na mtu.

Watu huniambia kwamba hata hao mashujaa wangu walipanga mambo, na wananitajia O. Winston Link, Mmarekani aliyezifuata treni za mwisho za mvuke za Norfolk & Western. Ni kweli alipanga. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1957, pale Rural Retreat katika Virginia, alihakikisha kengele za kanisa zinapiga nyimbo za Krismasi wakati treni namba 42 inaingia stesheni na kuondoka. Lakini angalieni alichokipanga na alichokiacha. Kengele zilipigwa kweli, zikavuka hewa ileile, zikaingia kwenye maikrofoni ileile pamoja na kichwa chenye moto. Link alichagua saa na mahali. Treni ikafanya mengine. Kupanga tukio na kulighushi ni vitu viwili, na Out of Africa ilighushi.

Sisi tulikuwa na utajiri gani? Tulikuwa na Garratt za daraja la 59, vichwa 34 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja na uzito wa tani 252, vyenye nguvu kuliko kichwa chochote cha mvuke kilichowahi kupita kwenye reli ya mita moja. Garratt ina injini mbili chini ya boila moja, na hazikufungwa pamoja. Mapigo yao huanza sambamba, yakapishana polepole hadi yakawa mvurumo mmoja, kisha yakarudiana. Tena vichwa vingi vya Afrika Mashariki viliwekewa bomba la Giesl, lile refu na jembamba lililobuniwa na Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria, ambalo hulainisha pigo. Mchanganyiko huo ulikuwa sauti ya kwetu, na sauti ya kichwa cha Kiingereza haiwezi kukaa mahali pake.

Waliounasa utajiri huo ni wapenzi wa reli: wageni waliokuja miaka ya 1970 na vinasa sauti begani, na watu wa hapahapa wenye redio kaseti. Walikwenda njia kuu, na wenye subira walikwenda kwenye matawi, Gilgil hadi Nyahururu, Kisumu hadi Butere, Voi hadi Taveta, ambako treni ilikuwa saa ya wakulima na gari la soko. Kanda zao zina kasoro: upepo unapiga maikrofoni, mtoto anapiga kelele, utepe unayumba. Nazipenda pamoja na kasoro hizo. Ndani yake dereva anasalimiana na mkuu wa stesheni, kuku wanalia ndani ya behewa, na treni inaondoka kwa mapigo yake yenyewe.

Najua jibu litakalokuja: hadithi ilikuwa ya mapenzi, treni ilikuwa pambo. Kama ni pambo, kwa nini ipewe dakika za kwanza? Na msiniambie haikuwezekana. Kufufua boila ni kazi ya kukagua mirija, kuipima kwa maji ya shinikizo na kupata watu wanaojua moto. Watu hao walikuwa bado hai na wengi walikuwa bado kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mount Gelai, kichwa namba 5918 cha daraja la 59, kilitoka makumbusho hapo Nairobi kikawashwa na kuvuta treni tena. Kilichowezekana kwa jitu la tani 252 baada ya miaka zaidi ya ishirini, kingewezekana kwa kichwa kidogo baada ya miaka michache. Na kama fedha au muda havikutosha, njia ya heshima ilikuwepo: kiacheni kichwa nje ya picha, pigeni ndani ya mabehewa, na tafuteni kanda ya kweli ya reli hii.

Nayasema haya sasa kwa sababu kosa lile limepata watoto. Filamu za milimita 8 zilizopigwa na wazazi na wajomba zetu hazikuwa na sauti, na nyingi zilipigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde. Leo zinahamishiwa kwenye kompyuta kwa fremu 25, treni ya mlimani inakimbia kuliko ya tambarare, kisha anatokea mtu mwenye nia njema anapachika mapigo ya kichwa cha Uingereza juu ya kichwa cha Butere.

Ombi langu kwa mwenye filamu au kanda ya reli nyumbani ni hili. Ihamishe kwa kasi yake ya asili. Usiikate mwanzo wala mwisho, hata palipo kimya. Isiyo na sauti, iache bila sauti. Andika mahali, mwaka na namba ya kichwa, na msikilizishe mzee aliyefanya kazi reli angali hai, akuambie anachokisikia. Ukishindwa kumpata, hifadhi hivyohivyo ilivyo. Kanda mbovu ya kichwa chenye moto ina thamani kuliko Oscar ya kichwa baridi.