Tatu Zimekatika, Kagua Thelathini na Tatu

Gurudumu la nyuma la pikipiki ya porini, lenye spoki 36, lililetwa karakana moja ya Dodoma likiwa na spoki tatu zilizokatika, mbili kati yake zikiwa jirani. Mwenyewe alitaka hizo tatu zibadilishwe aendelee na safari. Fundi hakuanza nazo. Alichukua bisibisi akazigonga zilizo nzima, moja baada ya nyingine. Iliyokaza hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hutoa mlio mfu. Upande wa spoketi, nyingi zilikuwa bubu.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Spoki ni nyembamba mno kubeba pikipiki kwa kusimama kama nguzo. Hubeba kwa sababu zote zimevutwa. Gurudumu likizunguka, spoki inayofika chini hupungukiwa mvutano, ikipanda huurudisha. Iliyokazwa vizuri haipotezi sana, na chuma chake huvumilia kwa miaka. Iliyolegea hulegea kabisa, kisha hushtuliwa upya katika kila mzunguko, na barabara ikiwa ya rasta mateso huongezeka. Mwisho chuma huchoka, na aghalabu hukatikia pale kilipokunjwa, kwenye kiwiko kinachokaa ndani ya tundu la habu. Zote tatu zilikatikia hapo. Zingekatikia kwenye uzi, ningezishuku kwanza nipeli zilizoganda kwa kutu na kulazimishwa kwa spana. Zile mbili jirani nazo zinaeleweka: moja ikikatika, mzigo wake huiangukia ya pembeni.

Spoki za kubadilishia hazichaguliwi kwa macho tu. Katika habu, nyingine huingia kutoka ndani na nyingine kutoka nje. Pembe ya kiwiko hutofautiana, na mara nyingi urefu pia. Kwenye ringi ya namna hii, spoki ya aina moja hujirudia kila tundu la nne, kwa hiyo fundi alifungua moja nzima ya aina ileile akapima nayo. Spoketi ilibidi itolewe ili spoki mpya zipate njia. Tairi pia alilitoa, jambo ambalo wenye haraka hulikwepa, nami naona alifanya vyema: ncha ya spoki ikichomoza juu ya nipeli hutoboa tyubu, na bila kufungua huwezi kuiona wala kuipiga tupa. Alipaka grisi kwenye uzi na kuweka nipeli mpya.

Kunyoosha ringi alikufanyia palepale kwenye pikipiki, cheni ikiwa imetolewa na kipande cha waya kimefungwa kwenye uma wa nyuma kiwe kipimo. Alianza na kupanda na kushuka kwa ringi, ndipo akafuata kuyumba kwake kando. Ringi ikielemea kulia, unakaza spoki za kushoto na kulegeza za kulia kwa kiasi hichohicho, robo mzunguko au pungufu. Kukaza kwa kufuatana, moja hadi ya mwisho, huivuta ringi upande mmoja. Yeye aliruka, akirudi raundi baada ya raundi. Miongozo mingi ya watengenezaji huweka kikomo cha milimita 2. Waya wake ulionyesha pungufu ya hapo.

Kuhusu sikio sina ugomvi, mradi ulinganishe spoki za upande mmoja na aina moja. Gurudumu la nyuma mara nyingi halina mvutano sawa pande zote mbili, na anayetafuta mlio mmoja kwa zote 36 ataipinda ringi aliyokwisha kuinyoosha.

Nisipokubaliana naye ni katika kuacha zile kuukuu za upande wa spoketi. Zimetembea zikiwa zimelegea, zimekula mapigo yaleyale, na kuzikaza hakuondoi uchovu ulioingia kwenye chuma. Ningebadilisha upande wote. Gharama ya spoki si kubwa ukiilinganisha na kazi ya kufungua tairi na spoketi mara ya pili.

Mwenye pikipiki aliambiwa arudi baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa viwiko vipya hujikalia kwenye habu na mvutano hupungua. Nyingine ikikatika njiani, aifunge kwa jirani yake kwa waya au kamba ya plastiki isije ikanasa kwenye cheni au breki, apunguze mwendo, na azigonge zilizobaki kabla ya kuendelea.