Vitufe 42 vya Kiswahili

Andika neno "wanapatana" kwenye kibodi ya kawaida, polepole, ukiutazama mkono wako wa kushoto. Lina herufi kumi, na tano kati yake ni a. Zote hupigwa na kidole cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote, huku madole gumba mawili yenye nguvu yakingoja neno liishe ili moja lao libonyeze nafasi. Mpangilio huu wa herufi chimbuko lake ni mashine ya chapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, iliyotengenezwa na kampuni ya Remington na kuingia sokoni mwaka 1874. Lugha inayojaa a kiasi hiki haikuwamo katika hesabu. Nimeandika hivyo miaka mingi, hadi kidole kile kikawa kinaniuma kila jioni.

Ndipo nilipowajua watu wanaojiundia kibodi. Yangu inaitwa Corne, imebuniwa Japani, na mbunifu wake ameiacha michoro yake wazi kwa yeyote. Ni vipande viwili, kila mkono na chake, vitufe 21 kila upande. Huja vipandevipande: bodi, swichi, dayodi, chipu. Kuviunga ni juu yako.

Nitakaa kidogo kwenye swichi, maana hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ifungue moja utakuta kitako, kifuniko, springi nyembamba, kijiti cha plastiki kinachopanda na kushuka, na vijibati viwili vinavyogusana. Muundo ni ule wa MX wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani, wa miaka ya 1980. Katika swichi nyekundu kijiti kina safari ya milimita 4 tu, na herufi hutoka kikifika milimita 2, kwa mkandamizo wa uzito wa gramu 45 hivi. Swichi zangu zilitoka kiwandani kavu. Iweke karibu na sikio, uibonyeze: utasikia plastiki ikikwaruzana na springi ikilia kama waya wa gitaa. Basi fundi huchukua brashi ya mchoraji, iliyo ndogo kuliko zote, akachovya girisi na kupaka vile vijireli viwili ambamo kijiti huteleza, kisha ncha za springi. Ni utando tu, unaouona kwa mng'ao wake taa ikiupiga. Ikizidi, kijiti hupanda kivivu. Kila swichi nilitumia kama dakika tatu, na 42 zikanimalizia saa mbili na ushee. Nilipoibonyeza ya kwanza sambamba na iliyo kavu, ule mkwaruzo haukuwepo tena. Ilibaki sauti moja fupi, nene, kama kete ya bao ikitua shimoni.

Kila swichi ina dayodi yake, inayoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Chipu huvikagua vitufe kwa safu na mistari, mamia ya mara kwa sekunde. Bila dayodi, ukibonyeza vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili, itadhani cha nne nacho kimebonyezwa. Kinachoonyesha upande wa kulehemu ni mstari mmoja mwembamba kama unywele. Dayodi moja niliiweka kinyume, na k yangu ikawa bubu. Nilitafuta kwa kioo cha kukuzia usiku kucha, nikaing'oa, nikaigeuza, nikalehemu upya. K ikasema.

Halafu huja programu, nayo kwangu ndiyo tamu kuliko vyote. QMK ni ya bure, na hukuachia uamuzi wa kila kitufe. Kitufe kimoja kinaweza kuwa na kazi mbili: ukikigusa ni herufi, ukikishikilia zaidi ya milisekunde 200 kinakupeleka tabaka la nambari. A nimeihamishia dole gumba la kushoto, na nafasi ikabaki la kulia. Wiki ya kwanza niliandika kama mtoto wa chekechea. Wiki ya nne "wanapatana" ilitoka bila kidole cha mwisho cha kushoto kusogea.

Q haina kazi katika Kiswahili sanifu, kwa hiyo nimeipa "ng'", herufi zote na ritifaa yake kwa mguso mmoja. "Ng'ombe" mwanzoni mwa sentensi ilinisumbua: nikishikilia Shift, G nayo ilikuwa kubwa, na ritifaa ikageuka alama ya mtajo. Ilinibidi niiandikie programu mistari michache ya kuiachia Shift mara tu N inapotoka, kisha kuirudisha.

Sasa nashughulika na X, ambayo nayo Kiswahili hakiihitaji. Kwa siku tatu imekuwa "ch", lakini kidole cha pete kinajikunja vibaya kuifikia, na katika "chachacha" nimejikwaa kila mara. Kesho naihamishia dole gumba la kulia, kitufe cha pili kutoka nafasi, nione.