Bushi Huliwa ili Mkono Usiliwe

Nangwa iko katika nchi ya Mlima Hanang, volkano ya kale ambayo kimo chake hupita mita 3,400, na ambayo tope lake liliuangukia mji jirani wa Katesh tarehe 3 Desemba 2023. Wala hapana mashine ichimbayo katika ardhi hiyo ambayo vumbi lake halitaipenya kiungoni, endapo mwenyewe ataghafilika.

Eskaveta ndogo ya tani 3 niliyoishuhudia ikitengenezwa huko ilikuwa imefikwa na taksiri hiyo, kwani kila mwendeshaji alipoinua ndoo, ilicheza huku na huku kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Pini ilipochomolewa, sababu ilidhihiri: bushi, yaani kile kipande kifupi cha bomba la chuma kigumu kinachoshindiliwa katika tundu la mkono ili pini izunguke humo, ilikuwa imelika upande mmoja hata ikawa na umbo la yai. Grisi, fauka ya kulainisha, huusukuma mchanga nje. Ikiadimika, vumbi huchanganyika na masalio yake yakawa msasa.

Fundi, baada ya kuilaza ndoo chini, kuzima injini na kuvichezesha vishikio ili shinikizo la mafuta litulie, aliigonga bushi kongwe, nayo ikakataa katakata. Hakuongeza nguvu. Alifungua waya za betri, akafunga kibano cha ethi karibu na tundu lenyewe, akapiga mistari mitatu ya weldi ndani ya bushi. Na kwa kuwa weldi hunywea ipoapo, bushi nayo ikajikunyata, ikatoka kwa mapigo machache.

Bushi mpya ilikuwa imelala usiku kucha katika friza ya duka la soda. Chuma cha kipenyo cha milimita 50, kikipoa kwa nyuzi 40, hupungua takriban milimita 0.024, kadiri ambayo jicho haliioni, ilhali kwa kitu kilichokerezwa ili kibane ndiyo tofauti baina ya kuingia na kugoma. Tundu likapashwa moto kidogo, kisha boliti ndefu yenye nati na washa nene ikaivuta bushi ndani taratibu, maana chuma kigumu kikipigwa nyundo ukingoni aghalabu hupasuka. Kitobo cha bushi kilielekezwa sawasawa na nipeli ya kuingizia grisi, kwa kuwa kukosea robo ya mzunguko kungeifunga njia ya grisi.

Bushi hutengenezwa iwe kafara ya mkono. Anayechelewa kuibadilisha hulifanya tundu lenyewe liliwe, na hapo sharti amlipe mchomeleaji alijaze na mkerezaji alikereze upya, kwa gharama ipitayo bushi kadhaa. Pini iliporudishwa, fundi alimaliza kwa kubonyeza bomba la grisi hata grisi ikachomoza kando zote mbili, kwanza nyeusi, kisha safi. Ndipo akamkabidhi mwendeshaji bomba lile, kabla ya ufunguo.