Pipa Dogo na Umri wa Kuazima

Mpwa wangu ni seremala huko Kentucky, Marekani. Nilipomtembelea alinionyesha kazi ya mikono yake: pipa la mwaloni la lita 5, limebanwa kwa pete za chuma, bila gundi wala msumari. Ndani alilichoma moto hata likavaa ngozi ya mkaa, akalijaza maji mbao zivimbe na kuziba nyufa, kisha akatia wiski changa ya dukani, nyeupe kama maji. Ubavuni aliandika kwa chaki: "Miezi mitatu ni sawa na miaka kumi."

"Mjomba," akasema, "wewe ni mwalimu. Sahihisha."

Useremala niliupa alama zote. Maneno ya chaki ndiyo niliyoyatilia kalamu nyekundu.

Hesabu yake ina msingi. Pipa la kawaida la huko huchukua lita 200 hivi. Ukililinganisha na la lita 5 lenye umbo lile lile, kila lita katika lile dogo hupata zaidi ya mara tatu ya mbao ya kugusana nayo. Ndiyo maana rangi ya asali na harufu ya vanila huja upesi. Lakini ukakasi wa mbao nao huja upesi vilevile, ilhali mabadiliko mengine ndani ya kinywaji hudai muda. Nilionja tone moja: mbao ilitangulia, na nyuma yake ukali ule ule wa ujana. Sheria ya Uskoti hutaka wiski ikae miaka isiyopungua 3 katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700. Pipa dogo halikatazwi. Ila halipunguziwi hata siku moja.

Nikiyasema hayo, nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania ilihitaji walimu kwa haraka. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Mimi, mkufunzi kijana wa chuo, niliwadharau hao "walimu wa UPE". Mmoja nilimkagua siku moja tu, nikaandika: "Hajaiva." Faili nikalifunga. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, niliingia darasani mwake tena. Wahitimu wangu wachache mno wangeweza kufundisha vile. Yeye hakuwahi kudai miaka asiyoiishi, aliiishi. Mimi ndiye niliyeonja mapema nikaandika hukumu ya milele.

Basi kosa si udogo wa chombo. Kosa ni kukiandikia umri kisichokuwa nao, au kukinyima ule kitakaoupata.

Nilimshauri mpwa wangu aonje kila wiki, na ukakasi ukianza kuzidi ahamishie kwenye chupa. Alichukua kitambaa, akafuta maneno yale, akaandika tarehe aliyotia wiski. Hapo nikampa tiki.